Neno Alilochapa Pelagia

Mimi nashona nguo Mukendo, hapa Musoma mjini, na mlango unaofuata wangu ni wa Pelagia Masatu, anayechapa barua za watu na kutoa kopi. Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Tumekuwa majirani miaka sita. Maisha yake nimeyajua siku umeme unapokatika, maana cherehani yangu ni ya miguu na kompyuta yake haina miguu, kwa hiyo anahamia kwangu na kigoda chake, ananishikia pindo huku anasimulia. Hili la barua ya Baltazari amenisimulia mara tatu, na mara zote tatu amecheka pale pale na kunyamaza pale pale.

Alizaliwa kijiji cha ziwani huko Majita, baba mvuvi, mama mkulima wa mihogo. Alimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mpaka leo hapendi kuyataja. Shangazi yake aliyekuwa anaishi Bunda akamchukua, akampeleka kujifunza kuchapa kwenye kituo kimoja cha parokia, na huko Pelagia akagundua kitu kuhusu vidole vyake. Ukimwekea karatasi mbele, hata kama imeandikwa lugha asiyoijua, anaichapa yote bila kukosea herufi moja. Macho yanasoma, vidole vinaandika, kichwa kinawaza mboga ya jioni.

Kwa kipaji hicho akapata kazi ya usekretari kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapo Bunda. Meneja wa kwanza alikuwa mzee aliyeandika kila kitu kwa Kiswahili. Mwaka 2012 akaletwa mwingine, kijana wa miaka thelathini na mbili, jina lake Chrispin, amesoma sana, shati limenyooshwa mpaka mikono inakata. Huyu barua zake zote za kikazi zilikuwa Kiingereza, kwa sababu nakala zilipelekwa makao makuu. Aliziandika kwa kalamu, Pelagia akazichapa, yeye akasaini.

"Ulikuwa unaelewa?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nilikuwaga naelewa maneno mawili matatu," akasema. "Mengine najazia mwenyewe."

Getini kulikuwa na mlinzi, Baltazari, mwenyeji wa Butiama, mzee wa miaka hamsini na nane wakati huo. Siku za kazi alilala chumba cha kupanga Bunda, Jumamosi jioni akarudi nyumbani kwa mkewe, Ghati. Alikuwa mtu wa maneno machache na salamu nyingi. Hakupita mtu pale getini bila kuulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za mvua. Pelagia alimwita baba, na kila asubuhi alimwamkia shikamoo kabla ya kufungua ofisi. Msimu wa pamba ulipochanganya, magari yamepanga foleni, Baltazari ndiye aliyemtunzia chai isipoe.

Ijumaa moja mwezi wa nane, Chrispin alimpa Pelagia karatasi ya kuchapa haraka. Ilikuwa barua fupi ya Baltazari. Pelagia aliichapa, akaipeleka ikasainiwa, kisha akaambiwa amkabidhi mwenyewe. Njiani kuelekea getini akaipitia kwa macho, maana alimpenda yule mzee na alitaka kujua ameandikiwa nini.

Hapa ndipo Pelagia huanza kucheka.

Aliona neno "respect." Hilo alilijua tangu darasa la tano, ni heshima. Mbele yake palikuwa na "dis." Pelagia akawaza, hii ni ile "this," na wengi wetu huku tunaitamka hivyo hivyo, "dis." Kwa hiyo ni heshima hii. Chini kidogo akaona "services," huduma. Akaona "required," inahitajika, hilo alikuwa analichapa kila siku kwenye oda za vipuri. Akaona "longer," yaani ndefu zaidi. Na kabla ya "longer" palikuwa na "no." Katika kiwanda kile "no" iliandikwa kwenye kila risiti na kila gunia, na maana yake ilikuwa namba. Akairuka.

Alipofika getini alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo baba. Una barua ya meneja."

Baltazari alisimama, akaipokea kwa mikono miwili. "Marahaba mwanangu. Inasemaje? Mimi hiki Kiingereza kinanipita."

"Ni mambo ya heshima, baba. Inasema kwa sababu ya heshima hii, huduma yako inahitajika kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia Jumatatu."

Yule mzee aliitazama barua muda mrefu. Kisha akavua kofia. "Kumbe ni mtu mwema," akasema. "Mimi nilidhani amenikasirikia."

Pelagia hakuuliza kwa nini alidhani hivyo. Aliangalia saa, kazi zilikuwa nyingi, akarudi ndani.

Jumamosi Baltazari akapeleka barua nyumbani Butiama. Ghati alichinja jogoo. Ndugu wawili wakaitwa kula, barua ikapitishwa mkono kwa mkono, wakaisifia muhuri wake. Jumapili mzee aliitia mfukoni mwa shati akaenda nayo misani.

Jumatatu alipofika kazini akakuta mlinzi mwingine amekalia kiti chake. Akacheka, akadhani ameongezewa msaidizi. Akatoa barua. Yule mlinzi mpya hakujua kusoma Kiingereza, akamwita Kulwa, karani wa ghala. Kulwa akaisoma kimya, akaisoma tena, akashusha sauti.

"Mzee, hapa umeachishwa kazi. Wanasema kwa ajili ya utovu wa heshima. Hawakuhitaji tena."

Vibarua waliokuwa wanashusha magunia walisikia. Mmoja akapiga mluzi, wengine wakacheka. Pelagia alikuwa dirishani. Anasema hakusikia maneno, aliona tu ile karatasi ikikunjwa mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kidonge, na mzee akiondoka bila kugeuza uso upande wa ofisi.

Hapa ndipo huwa ananyamaza. Siku ya kwanza kunisimulia, nilishona suruali nzima ya mtoto ndipo akaendelea.

Jioni ile, baada ya kusikia kwa Kulwa kwamba mzee ameachishwa, alikwenda kwa Sabina, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, waliyekuwa wakikaa naye ua mmoja. Akamwandikia lile neno kwenye kiganja kwa kalamu, maana vidole vyake havikuwahi kusahau neno. Sabina akalisoma.

"Hili 'dis' ukilitia mbele linageuza neno," Sabina akamwambia. "Kupenda linakuwa kutopenda. Kukubali linakuwa kukataa. Kwa hiyo hapa ni kinyume cha heshima."

"Yaani dharau?"

Sabina alifikiri. Pelagia anasema alimpenda kwa sababu hakuwahi kujibu haraka. "Linaweza kuwa dharau. Linaweza kuwa kukosa adabu tu. Linaweza kuwa kumvunjia mtu heshima bila kukusudia. Wenzetu neno lao ni moja, sisi tumeyagawa. Dharau iko moyoni mwa anayeifanya, haiwezi kukutoka bahati mbaya. Lakini mtu anaweza kuona amevunjiwa heshima na wewe hata habari huna. Wote hao Mwingereza anawaandikia neno hili hili."

"Sasa Baltazari alifanya lipi?"

"Hilo muulize Baltazari."

Jumamosi iliyofuata Pelagia alifunga sukari na majani ya chai kwenye kitenge, akaenda Butiama. Alishuka barabarani akaulizia njia, akatembea karibu saa nzima kati ya mashamba ya mihogo na mawe makubwa. Alimkuta Ghati uani anapepeta ulezi. Aliposema jina lake, ungo ukasimama.

"Ni wewe wa barua?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Jogoo wangu nimemchinja kwa ajili ya kusoma kwako!" Ghati akasema. Hakuitikia salamu. "Au umetuletea nyingine nichinje mbuzi?"

Pelagia alipiga magoti palepale kwenye makapi ya ulezi. Anasema hakupanga, miguu ndiyo iliyoamua. Baltazari akatokea nyuma ya zizi na panga mkononi, alikuwa anakata miti ya boma. Alipomwona amepiga magoti akafadhaika.

"Inuka, mwanangu, inuka. Ghati, mpe mgeni kiti."

"Baba, nilikudanganya. Sikujua, lakini nilijifanya najua."

"Basi ungesema hujui ningekula ugali na mlenda kama siku zote," akasema mzee, na Pelagia akaona mdomo wake unataka kucheka. "Kaa."

Alikaa. Ghati alileta uji, akauweka chini kwa nguvu kidogo, lakini aliuleta. Pelagia akaeleza lile neno kama Sabina alivyolieleza, pande zake zote, na kwamba nakala ya barua inakaa kwenye faili. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi sijamdharau yule kijana," akasema mwishowe. "Naapa. Sijawahi kudharau mtu."

"Ilikuwaje, baba?"

Mzee akamtazama mkewe. Ghati akainuka, akaenda jikoni, na hapo ndipo mzee akasema.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile barua, gari la pamba kutoka upande wa Butiama lilikuja na bibi mmoja kwenye kiti cha mbele, dereva alikuwa amempa lifti aende kutibiwa macho. Akashushwa getini, akaketi juu ya mzigo wake kando ya nguzo kabisa, kumsubiri mwanaye aje kumchukua. Baltazari alichungulia kutoka kwenye kibanda na kuona ni mama yake Ghati. Mkwe wake. Siku hizi vijana wengi hawayashiki haya, lakini yeye alilelewa kwamba mama mkwe hukutani naye uso kwa uso, husemi naye, na akitokea njiani wewe unaacha njia. Kwenye kibanda kile hapakuwa na njia ya kuacha. Alichoweza kufanya alikifanya, aligeukia ukuta akasimama wima, kofia mkononi.

Ndipo gari la Chrispin likafika. Likapiga honi. Likapiga tena. Geti lilikuwa limefungwa, na kulifungua kulimaanisha kumpita yule mama kwa karibu kiasi cha kugusa mzigo wake. Baltazari alibaki ukutani. Meneja alipiga honi mpaka vibarua wakatoka ghalani kuangalia. Mwishowe akashuka mwenyewe, akavuta geti lile zito, kutu ikamchafua shati, watu wakacheka kwa chinichini. Alipopita mbele ya kibanda alimwona mlinzi wake amempa mgongo.

"Kesho yake aliniita akaniuliza kwa nini," Baltazari akasema. "Nitamwambiaje? Ni umri wa mwanangu wa tatu. Nianze kumtaja mkwe wangu mbele ya mtoto? Nikanyamaza, nikaangalia chini. Ndiyo ikawa hivyo."

Pelagia alimwambia atamweleza meneja, labda atamrudisha kazini. Mzee akakataa kwa mkono.

"Kazi si neno. Ninayo mihogo, ninao ng'ombe. Lakini lile neno limeandikwa juu ya jina langu, na umesema linakaa kwenye faili. Nikifa litabaki limekaa pale. Nataka litoke."

Pelagia aliondoka na ahadi hiyo. Siku kadhaa alikuwa anaikwepa. Alikuwa na mtoto mchanga, Recho, na mumewe, Paschal, wakati ule hakuwa na kazi ya kueleweka. Kumwendea meneja kumwambia amekosea ilikuwa kutafuta barua yake mwenyewe, na hiyo angeichapa nani? Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alibisha hodi bila karatasi yoyote mkononi.

"Bosi, naomba dakika kumi. Ni kuhusu Baltazari."

Chrispin akaweka kalamu chini. "Ile imeisha."

"Haijaisha, bosi. Niliisoma vibaya."

Akamsimulia alivyoitafsiri pale getini, heshima hii, namba, muda mrefu zaidi, mpaka jogoo. Meneja mwanzoni alikunja uso. Alipofika kwenye muhuri kusifiwa na wageni, akageukia dirisha, mabega yakaanza kumtikisika, na Pelagia akajua anacheka asionekane. Ndipo akamweleza la mama mkwe. Kicheko kikaisha.

"Kwa nini hakuniambia? Nilimuuliza mara mbili."

"Mkwe hatajwi ovyo, bosi. Na wewe ni sawa na mwanaye. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa kukuheshimu."

"Alinipa mgongo mbele ya watu wote."

"Alikuwa anampa mgongo mkwe wake. Wewe ulitokea tu."

Chrispin akasema kitu ambacho Pelagia hakukitarajia. "Tangu nimekuja hapa naonwa mtoto. Vibarua, makarani, wakulima. Siku ile nilijua kabisa, huyu mzee ameamua kunionyesha mimi ni nani. Sikuwa na shaka hata kidogo." Akachukua karatasi. "Nami nina mama mkwe. Yuko Bukoba. Akipiga simu nasimama wima."

Nafasi ya getini ilikuwa tayari ya mtu mwingine, mwenye familia, na haikufaa kumwondoa. Lakini barua iliandikwa siku ile ile, kwa Kiswahili, ikieleza kwamba tuhuma ya utovu wa heshima dhidi ya Baltazari imefutwa, kwamba hakutenda kosa, na kwamba ile ya kwanza iondolewe kwenye faili. Pelagia aliichapa polepole, kichwa chote kikiwa palepale. Kabla ya kuitoa akamuuliza meneja kama amsomee kwa sauti, wote wawili wasikie. Akaisoma. Chrispin akabadilisha neno moja, kisha akasaini.

Jumapili walikwenda wote Butiama kwa gari la kiwanda. Meneja aliliacha barabarani wakatembea, viatu vyake vizuri vikajaa vumbi jekundu. Alipofika uani alisema shikamoo kwa Baltazari, akasema shikamoo kwa Ghati, na akasubiri kuambiwa kaa ndipo akakaa. Pelagia aliisoma barua mbele ya wote. Baltazari akaomba isomwe tena. Mara ya pili alifumba macho.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, mzee wangu," Chrispin akasema. "Na mimi nilikuvunjia heshima yako kuliko ulivyonivunjia. Nisamehe."

Ghati akaingia jikoni, wakasikia kuku analalamika.

Msimu uliofuata Baltazari alichukuliwa kwenye kituo cha kununulia pamba kilichokuwa karibu na kwao, kazi ya kupokea wakulima na kupanga foleni, ambako salamu zake ndefu zilipoza watu waliochoka kusubiri. Alikaa hapo miaka minne akaacha kwa hiari yake. Yu hai, mzee sana sasa, na Pelagia humtembelea. Yule bibi wa macho alikufa bila kujua kwamba siku moja alisimamisha kiwanda.

Pelagia kwa upande wake alimfuata Sabina akamwomba amfundishe. Kwa miaka miwili, kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, walikaa kwenye ngazi ya nyumba ya Sabina na kamusi yenye jalada lililochanika, akijifunza Kiingereza kuanzia vineno vidogo, maana alikuwa ameonja sumu ya vineno vidogo. Paschal alipopata kazi ya uhakika kwenye boti za Mwigobero wakahamia Musoma, wakapanga Nyasho, na baadaye yeye akafungua hiki chumba. Barua haitoki mlangoni kwake kabla hajamsomea mwenye barua na kumuuliza ameelewa nini. Wenye haraka hulalamika. Huwa anawaacha walalamike.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja kijana, amekasirika, anataka kuchapiwa malalamiko dhidi ya mwanafunzi. Nilikuwa pale nikisubiri kopi. Mwalimu akataja lile neno, kwa Kiingereza, akalirudia mara tatu.

"Alifanya nini?" Pelagia akauliza.

"Disrespect, mama. Andika hivyo."

"Hilo ni jina la ulichosikia wewe. Yeye alifanya nini?"

Mwalimu akasema yule msichana alikuwa amekaa, hakusimama alipoingia darasani. Pelagia akauliza kama alimuuliza sababu. Hakuwa amemuuliza. Mwalimu akaomba radhi, akasema atarudi kesho, na hatukumwona tena. Mimi nilipata kopi zangu.

Recho sasa yuko kidato cha pili na ana mdomo kama vijana wote wa Musoma. Juzi alikuja kutoka shule, akamkuta mama yake ananiambia kwamba binti yake anaimba kwaya kama mbuzi mwenye mafua.

"Mama, umenidisi mbele ya fundi!" akapiga kelele.

"Nimekufanyaje?"

"Umenidisi. Yaani umenishusha."

Pelagia alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Fundi, unasikia? Mimi nimelisomea miaka miwili, hawa wamelikata wakabaki na kile kipande cha mbele, halafu wanakisema kama Kiswahili."

"Ni Kiswahili," Recho akasema.

"Haya. Basi samahani kwa kukudisi. Imba tusikie."

Recho akaweka begi chini akaimba ubeti mzima wa wimbo wa Jumapili, amesimama katikati ya vitambaa vyangu. Aliimba vizuri, kusema kweli. Pelagia akaingia na sauti ya pili, na mimi nikaendelea kukanyaga cherehani polepole nisiwaharibie.